Trieste hadi Pula kwa Baiskeli: Mwongozo wa Safari ya Kikundi Kwenye Njia ya Treni ya Zamani

Kikundi chetu kilikuwa na watu tisa. Wawili huendesha baiskeli kila siku kwenda kazini huko Munich, mmoja alikuwa hajakanyaga pedali tangu amalize sekondari Tanga, shemeji yangu alikuja na goti lililowahi kupasuliwa, na waliobaki walikuwa katikati: kuendesha wanajua, ila siku tano mfululizo hawajawahi. Watu kama hao ukiwapeleka kwenye vilima vya pwani ya Mediteranea bila hesabu, kufikia siku ya pili mna vikundi vitatu. Walio mbele wanasubiri kwa hasira, walio nyuma wanasukuma kwa hasira, na katikati yuko mtu mmoja anayepiga simu.

Ndiyo maana nikachagua njia ya treni. Parenzana ilikuwa reli nyembamba, upana wa milimita 760 tu, iliyofunguliwa mwaka 1902 enzi za dola la Austria na Hungaria. Ilitoka Trieste, ambayo leo iko Italia, hadi Poreč, ambayo leo iko Kroatia, kilomita 123, ikafungwa mwaka 1935. Leo sehemu kubwa ya tuta lake ni njia ya baiskeli inayopita nchi tatu kando ya Bahari ya Adria: kilomita 13 hivi Italia, 32 Slovenia na 78 Kroatia. Uzuri wake kwa mwendesha baiskeli ni kwamba garimoshi halipandi mlima mkali. Mahali penye mwinuko mkali zaidi kwenye njia yote, unapanda mita 28 katika kila mita 1,000. Mtu wa kawaida anapanda hapo akiwa anaongea.

Mtego uko kwingine. Miji ya bara ya Istria, rasi ambayo njia hii inaipita, imekaa juu ya vilima, na treni ilipita chini yake. Kwa hiyo kilomita ngumu kuliko zote ni ile ya mwisho, kutoka stesheni ya zamani hadi kitandani. Ukilijua hilo mapema, nusu ya mipango yako imekwisha.

1. Mwezi kwanza, hoteli baadaye

Nendeni kati ya mwishoni mwa Aprili na katikati ya Juni, au Septemba hadi katikati ya Oktoba. Julai na Agosti jua linapita nyuzi 30, pwani imejaa, na wenye vyumba wengi hawataki mgeni wa usiku mmoja. Mimi napenda Septemba, maana bahari bado ina joto la kiangazi na zabibu zinavunwa.

Jambo moja la hewa lazima mlijue: upepo wa bora. Unashuka ghafla kutoka bara kuelekea baharini, hasa upande wa Trieste, na mapigo yake huweza kupita kilomita 100 kwa saa. Ni wa majira ya baridi zaidi, ila katika masika na vuli nao hujitokeza. Mwaka 1910 uliangusha treni ya Parenzana karibu na Muggia, na watu wakafa. Utabiri ukitaja bora kali (Waslovenia wanaiita burja, Wakroatia bura), siku hiyo haiendeshwi baiskeli. Kaeni mnywe kahawa. Trieste ni mji wa kahawa.

2. Viza na pasipoti

Nchi zote tatu ziko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, na zote zinatumia euro. Kroatia iliingia kwenye mambo hayo mawili kwa mpigo, tarehe 1 Januari 2023, kwa hiyo maelezo ya zamani yanayosema mbadilishe fedha mpate "kuna", sarafu ya zamani ya Kroatia, myatupe. Viza moja ya Schengen inatosha. Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi, na kwa ratiba iliyo hapa chini nchi hiyo ni Kroatia. Watu wengi huandika Italia kwa sababu ndege inatua huko, halafu wanaulizwa maswali wasiyoyatarajia. Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Msisubiri hizo 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya matibabu lazima ifikie angalau euro 30,000. Mwambieni mwenye bima kwa maandishi kwamba mtaendesha baiskeli.

Wenzetu wenye vibali vya kuishi Ujerumani au kwingine ndani ya Schengen hawahitaji viza, ila wabebe kibali na pasipoti, vyote viwili. Msidanganyike kwamba mpaka umekufa. Tangu Oktoba 2023 Italia imerudisha ukaguzi kwenye mpaka wake na Slovenia, na Slovenia kwenye mpaka wake na Kroatia. Si kila mtu anasimamishwa, lakini kikundi cha Waafrika tisa waliovaa fulana za rangi moja kinaonekana kutoka mbali. Sisi tulisimamishwa mara moja, kwa adabu, na yule ambaye pasipoti yake ilikuwa imetangulia na gari la mizigo alitukalisha juani karibu saa nzima. Pasipoti inakaa mwilini.

3. Baiskeli: kodini, na muangalie tairi

Kusafirisha baiskeli yako kwa ndege kutoka Dar au Nairobi ni kutafuta presha. Kodini mahali panapokubali mchukulie Trieste na kurudishia Pula. Yapo makampuni yanayofanya hivyo na yanayobeba mabegi kutoka hoteli hadi hoteli. Gharama ya kubebewa mabegi ilionekana kubwa kwenye karatasi. Siku ya tatu hakuna aliyeikumbuka.

Baiskeli iwe na gia nyepesi na tairi nene, milimita 40 au zaidi. Nasisitiza kwa sababu sisi tuliandika hivyo kwenye barua pepe, tukajibiwa ndiyo, tukafika tukakuta baiskeli nne kati ya tisa zina tairi nyembamba za barabara ya lami. Upande wa Slovenia ni lami tupu na hamtaona tofauti. Upande wa Kroatia karibu yote ni changarawe, na tairi nyembamba hapo inacheza kama mtu aliyevaa viatu vya mpira kwenye matope. Ombeni picha ya tairi kabla ya kulipa. Siku ya kukabidhiwa, kila mmoja aizungushe baiskeli yake: breki mbili zishike, cheni isiruke, kiti kikazwe kwa kimo chake, kengele ilie.

Baiskeli za umeme zisionewe haya. Tulichukua mbili, moja ya shemeji na moja ya yeyote atakayeamka vibaya. Hiyo ya pili iligombaniwa kuliko chumba chenye roshani.

Kifurushi cha fundi kwa watu tisa: tyubu nne za saizi yenu, viraka na solusheni, vijiti vya kubandulia tairi, pampu mbili, funguo za pembe sita (alen), kiungo cha cheni na waya wa breki. Kila mtu na taa yake ya mbele na ya nyuma, kwa sababu ya mahandaki, na koti la kuakisi mwanga. Helmeti kila kichwa.

4. Kanuni za kikundi, zisemwe kabla ya safari

Kuna majukumu manne, na kila moja lina mwenyewe. Wa mbele anajua njia na haruhusiwi kuongeza mwendo. Wa nyuma, tuliyemwita mkia, haachi mtu yeyote nyuma yake, hata kama mtu amesimama kupiga picha ya paka. Fundi ana kifurushi. Mweka hazina ana pochi ya pamoja: sisi tulichanga euro 30 kila mtu kwa siku kwa chakula cha mchana, kahawa na viingilio, na chakula cha usiku kila mtu na mfuko wake. Pochi moja inawaondolea ile hesabu ya mezani ambayo imevunja urafiki mwingi kuliko siasa.

Mwendo unawekwa na aliye polepole zaidi, na katika siku mbili za kwanza mtu huyo aendeshe wa pili, nyuma tu ya kiongozi. Ukimweka nyuma kabisa atajiona mzigo, na atajiua kwa kukanyaga. Kila njia panda mnasimama mpaka mkia afike. Mkia akifika, hamwondoki palepale. Huyo naye anywe maji. Kosa la kuondoka pale mtu wa mwisho anapotokea nimeliona kwenye kila kikundi nilichowahi kuendesha nacho: waliopumzika wanapumzika zaidi, na aliyechoka hapumziki kamwe.

Halafu saa. Tulikubaliana kukutana "saa mbili" mbele ya hoteli. Wa Tanga na Mombasa walishuka asubuhi na mapema. Kijana mmoja aliyekulia Vienna, ambaye Kiswahili chake ni cha mama na saa zake ni za Wazungu, alidhani ni saa nane ya mchana, akalala. Tangu hapo kila muda uliandikwa kwa tarakimu nne kwenye WhatsApp: 08:00.

Na kwa sisi tuliotoka nchi za kushoto: huku ni kulia. Barabarani mnakumbuka. Mnasahau mnapotoka kwenye kituo cha mafuta au mkahawani, pasipo na gari lolote la kuwakumbusha. Mkia apige kelele "kulia!" kila mnapoanza upya. Endesheni mstari mmoja nyuma ya mwingine. Namba ya dharura nchi zote tatu ni 112.

5. Siku kwa siku

Jueni kwanza kwamba kila mji huku una majina mawili, la Kislavi na la Kiitaliano, na vibao huchanganya. Koper ni Capodistria, Piran ni Pirano, Grožnjan ni Grisignana, Motovun ni Montona, Poreč ni Parenzo (hapo ndipo jina Parenzana lilipotoka), Rovinj ni Rovigno, Pula ni Pola. Mpeni kiongozi orodha hiyo kwenye karatasi.

*Siku ya 1: Trieste hadi Izola, kilomita 30 hivi.* Uwanja wa ndege wa Trieste umeunganishwa na treni, nusu saa tu hadi mjini. Fikeni siku moja kabla. Jioni zungukeni Piazza Unità d'Italia, uwanja uliofunguka upande mmoja kuelekea baharini, mzijaribu baiskeli hapo pwani pwani. Asubuhi mnatoka kupitia eneo la viwanda na malori, na nawaambia ukweli: ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Msikate tamaa. Yapo maboti ya abiria kutoka Trieste kwenda Muggia. Ulizeni gatini kama yatachukua baiskeli zenu, maana nafasi ni chache. Muggia ni mji mdogo wenye sura ya Venice, wenye bandari ya kukaa mkanywa kitu.

Mkishavuka mpaka kwenye vilima vya Škofije, njia inapata akili. Slovenia imeiwekea namba, D8, na vibao ni vya kuaminika. Koper panda mpaka uwanja wa kati, uone jumba la watawala wa Venice lenye minara miwili, kisha shukeni. Kutoka hapo hadi Izola barabara ya zamani ya pwani imefungiwa magari. Bahari iko hatua chache kulia kwenu, watu wanaogelea, watoto wanapita na baiskeli ndogo. Hapo ndipo yule wa Tanga alipoacha kuushika usukani kama mtu anayening'inia.

*Siku ya 2: Izola hadi Piran, kilomita 15, na chumvi.* Siku fupi, na imewekwa fupi kwa makusudi: siku ya pili ndipo makalio yanapolalamika. Mnapanda kidogo kutoka Izola, mnapita handaki fupi, mnashuka Strunjan, mnapanda tena kwenye handaki la Valeta lenye urefu wa mita 550 hivi. Lina taa na ubaridi wa friji. Vaeni kitu.

Piran haiko kwenye njia ya treni. Mnaifuata kwa kupita kando ya bahari kutoka Portorož, kilomita chache. Laleni hapo hata kama ni ghali. Uwanja wake wa kati ulikuwa bandari ya ndani ya mashua, ukafukiwa mwaka 1894, na sasa una sanamu ya Giuseppe Tartini, mpiga fidla aliyezaliwa mjini humo mwaka 1692. Izola nayo ilikuwa kisiwa, na Rovinj vilevile hadi mkondo wake ulipofukiwa mwaka 1763. Watu wa pwani hii hawakupenda maji yakae katikati ya mji.

Mchana acheni mabegi, mwende mashamba ya chumvi ya Sečovlje. Aliyeona mashamba ya chumvi ya Bagamoyo au Gongoni atadhani anayajua haya, ila aangalie chini. Sakafu ya vidimbwi imefunikwa tabaka laini linaloitwa petola, zulia la vijidudu na madini linalokuzwa kwa makusudi ili chumvi isiguse tope. Ufundi huo uliletwa katika karne ya 14 kutoka kisiwa cha Pag. Upande wa Lera bado wanavuna kwa mkono, kwa kukokota chumvi na mbao pana. Mnunue chumvi kidogo, msinunue kilo tatu. Mtaibeba mpaka Pula.

*Siku ya 3: Piran hadi Grožnjan, kilomita 40 hivi.* Hii ndiyo siku ya kupanda. Mnatoka usawa wa bahari mnaingia Kroatia, na njia inaanza kuinuka polepole kuelekea Buje. Changarawe inaanza. Mteremko hauonekani kwa macho. Unaujua kwa pumzi tu. Wapanda baiskeli wenye nguvu watataka kukimbia, wakatazwe.

Buje ina maduka. Nunueni maji, ndizi na mikate hapo, kwa sababu kutoka Buje kwenda mbele duka ni la kubahatisha. Maji ya bomba yananyweka kote. Kutoka Buje hadi stesheni ya zamani ya Grožnjan ndiko kileleni kwa reli nzima, mita 293 juu ya bahari. Grožnjan wenyewe ni mji wa mawe ambao watu wake wengi waliuhama baada ya Vita Kuu ya Pili. Kuanzia mwaka 1965 wakaitwa wasanii kuyakaa majumba matupu, na mpaka leo kuna vyumba vya maonyesho kila kona, na kiangazi wanafunzi wa muziki wanapiga vinanda madirisha yakiwa wazi. Tulikaa ukutani tukisikiliza mtu akirudia kipande kilekile cha chelo, akikosea palepale, pengine mara kumi na tano. Hakuna aliyetaka kuondoka.

*Siku ya 4: Grožnjan hadi Motovun, kilomita 28 hivi.* Siku nzuri kuliko zote, na ni ya kuteremka kwa sehemu kubwa: kutoka karibu mita 300 mpaka bonde la mto Mirna pale Livade, karibu usawa wa bahari. Reli inazunguka vilima kama mtu anayekwepa kumwamsha mgonjwa. Mnapita mahandaki na madaraja marefu ya mawe yaliyo juu ya mabonde, na mji wa Oprtalj unaonekana, unapotea, unaonekana tena.

Kuhusu mahandaki, kanuni ni mbili: taa iwashwe kabla, miwani ya jua ivuliwe kabla. Mmoja wetu aliingia na miwani nyeusi. Ndani ya mita kumi hakuona kitu, akashika breki zote mbili, na aliyemfuata akamwingia ubavuni. Walianguka kwenye changarawe yenye maji, taratibu, kama magunia. Viwiko vikachubuka, breki moja ikapinda, na fundi akaipata kazi yake ya kwanza. Tangu hapo kila handaki tulisimama mlangoni, wa mbele akauliza "Miwani?" nasi tukajibu "Chini!", sauti zikarudi kutoka ndani.

Livade kuna makumbusho madogo ya treni hiyo. Huko na njiani mtasikia hadithi inayotuhusu. Mwaka 1935 ndio ambao Italia ya Mussolini iliivamia Uhabeshi, na wenyeji husimulia kwamba reli zilizong'olewa Parenzana zilipakiwa melini kupelekwa huko, na meli ikazama Mediteranea. Mimi naipokea kama inavyosimuliwa. Lakini kusimama kwenye daraja la Istria ukiambiwa kwamba chuma kilichokuwa chini ya miguu yako kilikusudiwa Afrika Mashariki, na hakikufika, ni jambo la kukunyamazisha kidogo.

Kutoka Livade mnavuka bonde, na Motovun iko juu ya kilima, mita 277. Hapa ndipo mtego niliousema mwanzo. Amueni mapema: mnalala juu, ndani ya kuta, au chini. Sisi tulilala juu, na nilikosea kutowaambia watu. Mtu aliyeendesha siku nzima akidhani amefika, kisha akaonyeshwa kile kilima, ana haki ya kusema maneno. Sukumeni bila aibu. Au baiskeli mziache chini, zikifungwa, mpande kwa miguu. Jioni mtembee juu ya kuta, na asubuhi muamke kabla ya jua, mara nyingi bonde la Mirna linajaa ukungu, na mji unabaki kama kisiwa.

*Siku ya 5: Motovun hadi Poreč, kilomita 40 hivi.* Kuna handaki chini ya Motovun kwenyewe, kisha kupanda taratibu hadi Vižinada, kisha mteremko mrefu wa kurudi baharini, katikati ya mashamba ya mizabibu na mizeituni. Hakuna la kusema sana, endesheni. Poreč mnakaa siku mbili.

*Siku ya 6: mapumziko Poreč.* Kanisa la Eufrasius ni la karne ya 6, na liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1997. Nendeni asubuhi mwanga ukiingia kwenye michoro ya vijiwe vya dhahabu ukutani. Mtafuteni askofu Eufrasius mwenyewe: amesimama upande mmoja ameshika mfano mdogo wa kanisa lake, kama fundi anayekabidhi kazi. Mchana fueni nguo.

*Siku ya 7 na 8: Rovinj na Pula, kilomita 40 hivi kila siku.* Hapa Parenzana imekwisha na huruma ya treni imekwisha nayo. Kati ya Vrsar na Rovinj ghuba ya Lim imeingia bara kilomita 10 hivi, na barabara inashuka kisha inapanda, mteremko wa kweli. Wenye magoti na waliochoka wapande basi au wabaki Poreč. Kwenye kikundi chetu watatu walipanda basi, tukawakuta Rovinj wakiwa wamekwisha oga. Kutoka Rovinj mnapita Bale kwenda Pula.

6. Kula

Asiyekula nguruwe awe macho, maana huku ni nyama ya kawaida: pršut ni paja la nguruwe lililokaushwa, ombolo ni nguruwe, na supu nzito ya maneštra mara nyingi huwa na kipande ndani. Kariri maneno matatu: *senza maiale* Italia, *brez svinjine* Slovenia, *bez svinjetine* Kroatia. Samaki wa kuchoma na ngisi wako kila mahali pwani, na pembeni huletwa blitva, majani yanayokaribia mchicha, yamepikwa na viazi, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Mama mmoja wa kikundi aliila siku sita mfululizo na hakutafuta kingine. Bara agizeni fuži, tambi fupi zilizokunjwa, na uyoga wa tartufi uliokunwa juu. Bonde la Mirna ndiko unakochimbwa. Harufu yake hamtakubaliana. Nusu yetu waliipenda, nusu wakasema ni gesi ya jikoni.

Majiko ya vijijini hufunga katikati ya mchana, kwa hiyo mkikuta pamefunguliwa saa sita na nusu, kuleni hapo hapo. Msiseme "mbele tutapata".

Jioni kagueni miguu, nyuma ya magoti na kiunoni. Majani ya kando ya njia yana kupe, na huku kupe hubeba magonjwa. Ukimkuta, mvute kwa kibano kutoka kichwani, bila mafuta wala kiberiti, na ukiona duara jekundu siku za baadaye nenda kwa daktari.

7. Pula, na kurudisha

Mwisho wa njia ni uwanja wa michezo wa Warumi, wa karne ya 1, urefu wake unazidi mita 130 na kuta zake za nje bado zimesimama pande zote. Kabla ya kurudisha chochote, uzungukeni kwa baiskeli, wote, mstari mmoja, mkia akiwa nyuma.

Kisha pigeni picha ya kila baiskeli: fremu, magurudumu, breki, na namba iliyobandikwa. Ile breki iliyopinda ndani ya handaki tuliitaja wenyewe, tukalipia bei ya kifaa tu. Mweka hazina alifunga hesabu palepale kwenye ngazi za stesheni. Kila mtu alirudishiwa euro 11 na senti kadhaa, na kifurushi cha chumvi ambacho wa Tanga alikuwa amekibeba kutoka Sečovlje kikagawanywa kwa kijiko.